Siku Tulipoizika Ngozi ya Masanja

Marahaba. Najua wengine wenu hamjaniamkia, lakini nimeitikia mapema ili asije mtu akasema mzee ana kinyongo. Kinyongo ninacho, ila si cha leo.

Nimeambiwa niwaeleze nyinyi mnaoanza kazi ya kuuguza watu jinsi tulivyofanya enzi za Mdachi, hapa hapa Morogoro. Mimi sikuwa daktari, msije mkanipa cheo halafu mkaninyang'anya. Nilikuwa mfunga vidonda. Unafungua kitambaa, unavumilia harufu, unaosha, unafunga, unakwenda kwa mwingine. Vidonda vyenyewe vilikuwa donda ndugu, vya moto, na vya wajenzi wa reli. Dawa tulikuwa nazo mbili tatu, zote zinawasha. Ukisikia mgonjwa anapiga kelele ulijua dawa ipo. Akinyamaza, chupa imekwisha.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba dawa kubwa kuliko zote tuliyokuwa nayo ilikuwa binadamu mwenyewe. Msinitazame hivyo, sisemi habari za uchawi. Ndui ilipovuma na dawa ya kuchanjia ikachelewa kufika kutoka pwani, tulichukua maji ya kipele mkononi mwa mtoto aliyechanjwa wiki iliyotangulia, tukamchanja mwenzake, na kipele cha huyo tukachanjia wengine. Kipele cha mtoto mmoja kilimaliza mtaa. Mama yake alitembea barabarani kama mke wa jumbe, na kila alipokutana na mwanamke alimkumbusha, "Shoga, mkononi mwako humo mna mwanangu." Nusura wapigane sokoni kwa neno hilo.

Na ngozi ya mtu nayo ni dawa. Hii ndiyo habari yangu ya leo, kwa hiyo wanaosinzia waamke.

Bwana Daktari wetu alikuwa Mdachi mrefu, mwembamba, wagonjwa walimwita Bwana Wembe. Alikuwa na ufundi wa kufunika kidonda kilichokataa kufunga. Mimi nalinyoosha paja la mgonjwa kwa viganja viwili, ngozi iwambike kama ya ngoma. Yeye analoweka wembe katika maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha anachukua utando wa juu juu tu, mwembamba hata wembe unaonekana chini yake. Utando huo anautandaza juu ya nyama nyekundu ya kidonda, anaweka na wa pili, na wa tatu. Ukiuacha utulie, unashika na kuota pale pale. Paja nalo linapona lenyewe baada ya siku chache.

Mara ya kwanza kufungua kidonda cha namna hiyo nilikuwa mgeni kazini. Nikakuta vipande vyeupe vyeupe vimekaa juu ya kidonda. Nikasema moyoni, hawa wa zamu ya jana ni wachafu kweli. Nikachukua pamba, nikafuta vyote, nikaosha kwa dawa kali, kidonda kikang'aa, nikasimama pale nasubiri sifa. Akaja Mabruki, mzee wa Bagamoyo aliyekuwa mkubwa wetu na ndiye aliyenifundisha kazi. Akatazama kidonda, akatazama pamba, akatazama ndoo. "Athumani," akaniambia taratibu, "umefagia ngozi ya mtu." Nilisafisha vyoo wiki nzima. Andikeni hilo: cheupe kidondani si lazima kiwe uchafu, na ukiwa hujui, uliza kabla hujawa msafi.

Basi akaletwa Kobelo. Huyu alikuwa mkulima wa Matombo, wamembeba kwa machela siku mbili milimani. Alikuwa akichoma shamba, upepo ukageuka, moto ukamla mguu wa kushoto tangu chini ya goti hadi karibu na kifundo. Miezi minne kidonda kilikuwa wazi. Bwana Daktari alikitazama, akakinusa, akasema kikiendelea hivi sumu itapanda mwilini, itabidi mguu ukatwe.

Nyinyi wa bondeni hamtaelewa neno hilo lilikuwa zito kiasi gani. Mashamba ya Uluguru yamesimama wima. Unalima umejishikiza kwa vidole vya miguu, na ukiliachia jembe linafika kwa jirani kabla yako. Mtu wa mguu mmoja atalima wapi? Kobelo alikuwa na mke na watoto watatu. Akasema, "Mkiukata, nyumbani mtarudisha nini? Mtarudisha mtu wa kulishwa." Alilia aliposema hivyo, na mimi nikajifanya natafuta pini sakafuni.

Akaelezwa habari ya ngozi ya paja. Akakataa katakata. "Nimekuja na kidonda kimoja, nanyi mnataka nitoke na viwili." Nilimbembeleza, Mabruki akambembeleza. Ukweli ni kwamba aliogopa wembe. Asubuhi ile ile aliyoletwa alikuwa amesikia mtu akikatwa mguu chumba cha pili, na sauti ile haikumtoka masikioni.

Kitanda cha jirani alilala Masanja, Mnyamwezi aliyekuwa akitandika reli, taruma lilimwangukia kidole. Mnajua Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Wawili hawa hawakuwa wamewahi kuonana, lakini walipotajiana makabila, hata uji ulikuwa haujapoa na matusi yameshaanza.

"Si nyinyi mnaozaliwa na mguu mmoja mfupi kwa kuishi mteremkoni?" Masanja akamwambia. "Daktari anamalizia tu kazi ya mlima."

"Nyamaza, mpagazi," Kobelo akajibu. "Wewe ukiona kitu kimelala chini unakibeba, hata kama ni mgonjwa amelala."

Ikawa hivyo asubuhi na jioni, wodi nzima ikawa inachelewa kupona kwa kusikiliza. Siku Kobelo alipoukataa wembe mara ya tatu, Masanja akakaa kitako kitandani. "Bwana Daktari, huyu ni mwoga, atakupotezea siku. Chukua ngozi yangu umpe."

Bwana Daktari akakuna kidevu. Akasema ngozi ya mtu mwingine kuna wanaodai inashika na kuna wanaodai haishiki, na wataalamu kwao Ulaya wanabishana. "Tutajaribu," akasema. "Lakini nina safari ndefu ya bara. Nikirudi nikakuta haikushika, nakata, na maneno yawe yamekwisha." Kobelo akakubali, maana wembe ulikuwa unakwenda kwenye paja la mwenzake.

Masanja alikataa dawa ya usingizi ili mtani wake aone wanaume walivyo. Utando wa kwanza ulipotoka akaanza kuimba nyimbo za wapagazi. Wa pili, akaimba kwa sauti kubwa zaidi. Kufika wa nne zilikuwa si nyimbo tena, lakini paja hakulitikisa, na hilo namsifu nalo hadi leo.

Siku ya sita nilifungua mguu wa Kobelo, nikakuta ngozi imeshika vizuri kabisa. Bwana Daktari akaridhika, akafunga mizigo yake, akaondoka. Masanja naye akatoka hospitali, kidole kimepona, paja linawasha. Sasa ndipo kero ilipoanza.

Kila Jumapili, reli ikipumzika, Masanja alikuja kukagua mguu wake. Hivyo ndivyo alivyouita, mguu wangu. Mke wa Kobelo akileta ndizi kutoka Matombo, Masanja anachukua nusu ya sahani. "Nakula kwa niaba ya mguu." Kobelo akijikuna, anaambiwa aombe ruhusa. Mgonjwa akipita na magongo yake karibu na kitanda, Masanja anamzuia, "Pita mbali, baba, huo ni mguu wa watu wa Tabora." Alitangaza kwamba Kobelo akirudi kwao, mguu utakuwa unalima siku tatu shamba la Kobelo na siku tatu utapumzika, kwa sababu mwenyewe hajakubali uchoshwe. Kobelo alivimba kwa hasira, halafu akaangua kicheko hadi kitanda kikalia. Tangu aletwe sikuwa nimemwona akicheka.

Wiki ya tatu mguu ukabadilika. Nilifungua kitambaa Ijumaa moja, nikaona ngozi imekuwa ya kijivu pembeni. Jumamosi ilikuwa inateleza. Jumapili asubuhi ilitoka yote na kitambaa, laini kama karatasi iliyolowa, ikabaki mkononi mwangu.  Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimefagia tena ngozi ya mtu. Wazo la pili lilikuwa Alhamisi, siku ambayo Bwana Daktari alikuwa anarudi na msumeno wake.

Hapa nawaambia aibu yangu, kwa sababu na nyinyi siku moja itawafika. Nilidanganya. Kobelo alilala chali, anatazama dari, akaniuliza, "Vipi, kinaendelea vizuri?" Nikamjibu, "Vizuri sana." Nikafunga kitambaa kinene mara mbili, ile ngozi nikaitia katika kopo tupu la ugoro, kopo nikalitia mfukoni. Sikujua nangoja nini. Niliogopa tu kuuona uso wake.

Saa nne Masanja akaingia, amevaa kanzu ya kuazima, anachechemea kwa makusudi. "Nifungulie nione mali yangu."

"Leo haufunguliwi," nikamwambia.

"Kwa nini? Umeuuza?"

"Nimesema haufunguliwi, Masanja."

Akanitazama usoni, kisha akanitazama mkono uliokuwa umeshika mfuko. Jamaa yule alikuwa na macho. Akanyoosha kiganja, na mimi, mtumishi wa hospitali, nikatoa kopo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akalifungua. Kobelo naye akaona.  Kobelo akavuta blanketi akajifunika uso, na chini ya blanketi tukasikia, "Basi nimekwisha. Mwambieni mke wangu asilete ndizi tena."

 Masanja akaliziba kopo polepole, akavua kofia. "Jamani," akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "nimefiwa."

Wodi nzima ikageuka.

"Sehemu ya mwili wangu imefariki. Imefia ugenini, kwa Mluguru. Na nyote mnajua anayemzika mtu ni mtani wake. Kobelo, toka humo ukachimbe kaburi."

Kobelo akafunua jicho moja. Nadhani alitaka kumtukana, lakini msibani mtani akiitwa haendi kulala. Akasema, "Nitachimba vipi na mguu huu?" Masanja akamjibu kwamba kaburi lenyewe ni la kopo, atachimba kwa kijiko.

Tukatoka. Sijui nilikubali vipi, lakini nilikuwa mbele nimemshika Kobelo bega, na nyuma yetu walikuja wagonjwa wote wenye uwezo wa kutembea na wawili wasio nao. Nyuma ya nyumba ya kufulia palikuwa na migomba, ardhi laini. Kobelo akaketi chini, mguu ameunyoosha, akachimba kwa kijiko cha uji. Mgonjwa mmoja mwenye jicho lililofungwa ndiye aliyeshika kopo. Mzee mmoja wa tezi la shingo alijitolea kuwa mjane, akalia vizuri mno hata watu wakamtuliza kweli.

Mabruki akatokea mbio. "Vitanda vyote vitupu. Mmekwenda wapi nyinyi?" Akaelezwa. Akasimama pale, mkono kiunoni, midomo imebana. "Dua ya maiti hapa haisomwi," akasema. "Na asinitanie mtu kwa hilo." Tukamwambia hatukukusudia kusoma, huu ni utani mtupu. Basi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, atazame tusivuke mpaka. Baadaye nilimwona amefunika mdomo kwa kilemba, mabega yanacheza.

Shimo lilipokamilika, Kobelo akafanya kama watani wafanyavyo. Akaweka mkono juu ya shimo. "Maiti haiingii. Nimechimba, nataka ada yangu."

"Ada?" Masanja akamkodolea macho. "Unamdai nani? Mfiwa ni mimi na marehemu ni mimi. Huyu alikuja kwako mzima, mnene, nimemlea mwenyewe kwa ugali. Ukampokea mguuni, ukamlaza, wiki tatu amekufa. Mimi ndiye ninayedai."

"Unadai nini?"

"Ngozi kwa ngozi. Ya paja, kwa sababu yangu ilikuwa ya paja. Atakuja kuichukua Bwana Wembe, Alhamisi. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwema, sitaondoka nayo. Nitaiacha hapo hapo mguuni mwako, uitunze vizuri kuliko ulivyoitunza ya kwanza."

Watu walikuwa wanacheka, wakaacha. Kobelo alikuwa ameinamisha kichwa, kijiko mkononi. Sasa mimi nilielewa, na yeye alielewa, na Mabruki juu ya ndoo alielewa. Mluguru akikataa dai la mtani wake msibani, mbele ya watu, habari itafika Matombo kabla yake, na itakaa huko kuliko yeye. Lakini wembe nao ni wembe. Niliona jasho linamtoka puani.

"Masanja," akasema bila kuinua uso, "iliuma?"

Nilijua Masanja angeweza kusema haikuuma. Ndivyo alivyokuwa akisema kila Jumapili.

"Iliuma sana, mtani. Niliimba ili nisilie."

Kobelo akavuta pumzi, akaondoa mkono juu ya shimo. "Haya. Mzike marehemu wako. Nitalipa."

Alhamisi Bwana Daktari akafika, vumbi hadi kwenye nyusi, akaniambia nichemshe vyombo, na akautaja msumeno. Akafungua mguu. Nikangoja matusi, lakini aliinama karibu. Chini ya ile ngozi iliyokufa nyama ilikuwa nyekundu, safi, haina usaha wala harufu. Ngozi ya Masanja haikukaa, lakini kwa wiki tatu ilikiziba kidonda kikapata nafasi ya kujisafisha. "Imefunika kuliko bendeji zako zote, Athumani," akaniambia. Nilipokea, kwa kuwa ilikuwa kweli. Jifunzeni na hilo: kitu kinaweza kuanguka na kikawa kimeshafanya kazi yake.

Kobelo akamwambia, "Bwana Daktari, acha msumeno. Chukua paja langu. Nina dai la kulipa." Daktari akamgeukia Mabruki amweleze, na Mabruki akamweleza habari ya utani, mazishi na kopo la ugoro kwa dakika nyingi, kwa heshima kubwa. Sidhani alielewa hata robo. Aliagiza wembe.

Kobelo naye alikataa dawa ya usingizi. Hakuimba. Alimtukana Masanja, ambaye hakuwepo, tangu utando wa kwanza hadi wa mwisho, ukoo kwa ukoo.

Siku ya sita ngozi ilikuwa imeshika. Hatukushangilia, kwa sababu ile ya kwanza nayo ilishika siku ya sita. Wiki ya pili nilikuwa naosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nalowesha kitambaa muda mrefu kabla ya kukivuta. Wiki ya tatu nilikosa usingizi. Jumapili ya wiki ya nne Bwana Daktari alikuja mwenyewe, na Masanja akaja, na wagonjwa wakazunguka kitanda. Nikafungua. Ngozi ilikuwa pale, kingo zake zimeungana, haina kijivu popote. Bwana Daktari akaibonyeza kwa kidole, ikapauka, kisha damu ikarudi. Akasema, "Mguu huu haukatwi."

Masanja akakaa sakafuni akalia. Mtu yule wa maneno alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, hana hata tusi moja mdomoni. Baadaye akajaribu kusema, "Basi mimi sina tena mguu hapa," na sauti ikamkatika katikati.

Kobelo alikuwa akilia vilevile, lakini utani ni utani. "Lia vizuri, mpagazi. Mguu unakutazama."

Alipopata ruhusa nilimsindikiza hadi njia ya mlimani inapoanza kupanda. Masanja alitufuata hadi hapo, akakataa kubeba mzigo, akasema ameacha upagazi tangu asubuhi. Nikabeba mimi. Kobelo akasimama chini ya mteremko, akatanguliza mguu wa kushoto, akabana vidole ardhini kama anaupima mlima, kisha akaanza kwenda. Nikamfuata. Kona ya kwanza tulikuwa sawa, ya pili nikaachwa, ya tatu nikakaa juu ya jiwe, nahema, mzigo wake umelala magotini pangu, mimi mwenye miguu miwili isiyo na kovu. Akageuka akaniona. Akateremka hadi nilipokaa, akauchukua mzigo wake kichwani, akapanda mlima mara ya pili.